Gundi Nyeusi ya Baba Mkwe

Kama hujawahi kunusa gundi ya kuzibia tangi la ndege, mshukuru Mungu uendelee na shughuli zako. Inanuka yai viza lililofungiwa ndani ya soksi. Ikichanganywa asubuhi, mchana mkate unanuka gundi, chai inanuka gundi, na mto wa kulalia unanuka gundi. Halafu ni nyeusi tii, inanata kama kamasi za mtoto mwenye mafua, haitoki kwa sabuni wala kwa machozi. Niliikuta kwenye kitasa cha mlango wa choo. Niliikuta kwenye kijiko. Siku moja niliikuta kwenye kisigino cha binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Nikakaa chini nikamsugua kwa mafuta ya kupikia, yeye analia, na mimi moyoni natukana matusi ambayo sikujua kama nayajua.

Mwenye gundi ni baba mkwe wangu. Mtaani wanamwita Barafu, kwa kuwa maisha yake yote alitengeneza mafriji na vyumba vya baridi, na pia kwa kuwa hana haraka na mtu. Tunakaa naye nyumba moja, yeye na mama mkwe, mume wangu, mimi na mtoto. Gereji anamoundia ndege imepakana na jikoni, na mlango wa kati haufungi vizuri, kwa hiyo chochote kinachonuka kule huja kula nasi.

"We mzee," mama mkwe humwambia, amebana pua, "siku ukifa nitawaambia wakuzike na gundi yako, funza wenyewe wakukimbie."

"Mbona mimi sisikii harufu yoyote?"

"Najua husikii! Ndiyo maana sisi tunanusa kwa niaba yako."

Ni kweli hasikii harufu. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye ghala la kugandishia samaki. Bomba la amonia, ile gesi kali ya kugandishia, likapasuka. Wenzake wakakimbilia nje, yeye akajifunga tambara bichi usoni akarudi ndani kufunga koki. Aliifunga. Akatoka anatapika, macho yamevimba kama nyanya, na tangu siku ile pua yake ni ya kuwekea miwani tu. Mwingine angelia. Yeye aliendelea na kazi, na kwa yale mafriji yaliyozimika na nyama ndani, ambayo mafundi wengine waliyakimbia, akawa anaitwa yeye. Mama mkwe ananisimulia alivyomkuta ameketi kando ya friji lenye nyama iliyokuwa ikitembea kwa funza, anakula mkate wake kwa raha zake.

"Na mikono hakunawa," mama mkwe huongeza kila mara, kana kwamba ubaya wenyewe ulikuwa hapo.

Kitu kimoja tu kilimtia kinyaa Barafu, nacho ni kuvuja. Bomba linalopumua gesi kidogo kidogo lilimnyima usingizi. Alikuwa akipaka maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo, anachuchumaa, anasubiri mpaka povu liote, na likiota anafurahi kama mtu aliyemnasa mwizi. "Fundi anayeacha panavuja," alituambia tukiwa mezani, kijiko changu kiko njiani kuelekea mdomoni, "ni sawa na mtu anayetoka chooni bila kumwaga maji."

Ndege aliipata kwa tajiri mmoja wa shamba la maua aliyekuwa akimtengenezea chumba cha baridi. Yule tajiri alikuwa na masanduku ya ndege ndogo ya watu wawili, ile ya kuunganisha mwenyewe kwa kufuata kitabu, na hakuwahi kuigusa. Alipohama akamwachia Barafu, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa akifungua masanduku na kutazama vyuma kama mtu anayetazama picha za harusi. Barafu alipostaafu akayaleta nyumbani. Bawa la kwanza tulipolifungua tulikuta panya wamezaa ndani. Kulikuwa na matambara, mavi, na vitoto vyao vimekauka vimeshikamana na bati. Nilikuwa mjamzito wakati huo. Nikatapika ndani ya ndoo ya ribiti, ile misumari midogo ya kushikanishia bati. Baba mkwe aliziosha ribiti zote, moja moja, na wala hakumsimulia mtu. Hilo nalikumbuka kila ninapotaka kumchukia.

Sasa nieleze shida ilipoanzia. Kila bawa la ndege ile lina tangi lake la petroli, la bati la alumini lililoshikwa kwa ribiti. Ile gundi inayonuka ndiyo inayopakwa kwa ndani, kwenye kila mshono na kila kichwa cha ribiti, ili petroli isitoke. Tangi la kushoto alilifanya mume wangu siku zake za mapumziko. Yeye ni dereva wa kreni, na mikono yake haijui mambo madogo madogo. Gundi aliipaka ovyo, tangi likawa kama mdomo wa mtoto aliyekula chokoleti. La kulia alilifanya Barafu mwenyewe, na mstari wake wa gundi ulinyooka kama uzi wa cherehani. Hata mimi niliyekuwa nimebana pua nilisimama nikautazama.

Wakayapima. Kupima kwenyewe ni hivi: unaziba matundu yote, unavisha puto kwenye kibomba cha hewa, unapuliza kidogo kwa pampu ya baiskeli. Puto likisimama, tangi ni zima. La kushoto lilisimama mpaka kesho yake. La kulia lilinywea palepale tukiliangalia, likaning'inia kama chuchu ya mbuzi aliyezeeka.

"Puto lenyewe bovu," alisema Barafu.

Akabadilisha puto. Likanywea. Akapaka maji yake ya sabuni, na povu halikuota mahali pamoja ambapo angepashika. Liliota huku, likaota kule, vipovu vidogo vidogo kwenye ribiti nyingi, kama mate kwenye pembe za mdomo wa mtu anayesema sana. Akatia petroli kidogo ajaribu. Petroli ya ndege ina rangi ya buluu, na asubuhi chini ya bawa palikuwa na madoa ya buluu kama mwili uliopigwa. Nyumba nzima ikanuka petroli juu ya gundi. Nilifungua madirisha yote, nikamfunga mtoto mgongoni, nikakaa nje ukutani kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Mama mkwe hakumwonea huruma. "Tangi la mwanao sura mbaya lakini kavu. Lako zuri, linajikojolea. Nani fundi hapa?"

"Kijana amebahatisha."

"Basi na wewe bahatisha!"

Ndipo alipoingia Rubani. Huyu ni rafiki wa Barafu wa siku nyingi. Zamani alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashambani, kisha macho yakamharibikia, daktari akamkataza. Yeye ndiye aliyemfundisha mume wangu kurusha ndege kabla macho hayajaharibika. Barafu hajui kurusha, Rubani haruhusiwi, kwa hiyo ilishajulikana kwamba ndege ikikamilika, wa kwanza kupanda nayo atakuwa mume wangu, peke yake.

Sitaki kumsema vibaya mzee wa watu, lakini niseme nilichokiona. Rubani alichokonoa meno kwa ribiti, akaitazama ncha yake, akairudisha kwenye kopo la ribiti safi. Kisha akatema sakafuni, pale ambapo binti yangu hupita kwa magoti, akapitisha kiatu juu kana kwamba amefuta.

"Barafu, unajisumbua bure," alisema, anapapasa yale madoa ya buluu. "Hilo ni jasho tu. Ndege zote zinatoka jasho. Paka gundi kwa nje, piga rangi juu yake. Mkaguzi wa ndege anakuja wiki ijayo, atatazama rangi, atatia sahihi, kwisha."

"Kwa nje haishiki sana."

"Itashika mpaka aondoke."

Nilingoja baba mkwe amkatalie. Nilikuwa mlangoni na ndoo ya nguo. Mtu aliyerudi ndani ya amonia kufunga koki, huyu sasa atasema neno. Barafu alikuna kidevu, akaacha alama nyeusi kwenye ndevu, akasema, "Labda."

Mchana huohuo nilimfuata mume wangu bombani. Alikuwa anajisugua gundi kwa sukari na mafuta, na haitoki.

"Utapanda na tangi lile?"

"Baba akisema iko tayari, iko tayari."

"Ikivuja inavujia wapi?"

Akachota sukari nyingine. "Kwenye shina la bawa, linapoungana na mwili wa ndege. Inaweza kuingia pale ninapokaa. Na bomba la moshi haliko mbali." Akaona uso wangu. "Ni kidogo tu, mama."

"Si umwambie baba yako."

"Nimwambie nini? Kwamba Barafu hajui kuziba? Afadhali nijikate ulimi."

Nampenda sana mume wangu, lakini siku ile nilimtazama alivyoinamisha shingo pale bombani, maji meusi yanamtiririka kwenye viwiko, nikamwonea kinyaa. Nikawaonea kinyaa wote watatu. Mmoja anatema mate, mmoja anasema labda, na mmoja yuko tayari kuungua ili asimuudhi baba yake. Na mtoto ataachiwa nani?

Siku zilizofuata Barafu alilipaka tena tangi lake, safari hii kupitia tundu dogo, kwa kidole pale kinapofika na kwa kijiti pale kisipofika. Mimi nilikuwa nanyonyesha kwenye kiti cha jikoni, na kwa kuwa mlango wa kati haufungi, nilikuwa namwona. Mama anayenyonyesha hana pengine pa kutazama. Nilimwona anafuta bati kwa tambara na dawa ya kusafishia, anafuta mpaka tambara linatoka jeupe, kama kitabu kinavyotaka. Kisha nikaona mkono wake wa kulia unaondoka wenyewe, kama mkono wa mwanamke unaoweka ushungi sawa. Ukaenda kwenye kikopo kidogo pembeni ya meza, kidole kikachovya, kikarudi, kikapenya tunduni, kikapita juu ya mshono. Ndipo akashika gundi.

Kikopo nilikijua. Ni oili ya friji. Mume wangu aliwahi kunieleza kwamba mafundi wa friji, kabla ya kukaza nati ya bomba la shaba, hutia tone la oili ili ikae vizuri. Barafu alikuwa amefanya hivyo tangu ujana, kila kiungo, kila siku. Mkono ulikuwa umezoea, haumuulizi tena.

Na mimi najua jambo moja kuhusu mafuta. Ukishampaka mtoto mafuta, plasta haimshiki. Unaibandika, inakaa kama imeshika, ukigeuka imeteleza.

Nikamwambia mama mkwe kwanza, kwa sababu kumwambia baba mkwe usoni kwamba amekosea si kazi nyepesi.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nikimwambia atasema maneno ya jikoni. Nimeshamtania sana, hanisikii tena. Wewe bado anakuogopa kidogo, tangu ulipotapika kwenye ndoo yake."

Nikampelekea chai. Harufu ilinikaba, nikapumulia mdomo.

"Baba, chai."

"Weka hapo."

"Baba, samahani. Kile kikopo ni cha nini?"

"Kikopo gani?"

"Hicho ulichochovya kidole."

"Sijachovya kidole."

Tukatazama kidole chake wote wawili. Kilikuwa kinang'aa.

Akasugua kidole kwa dole gumba, akakiangalia kama si chake. "Umekuwa unanichunguza?"

"Nanyonyesha, Baba. Mlango haufungi."

"Nenda ndani," alisema.

Nikaenda. Chai yake ilipoa pale mezani, na jioni mume wangu aliniuliza nimefanya nini, mbona baba yake hasemi na mtu. Nikamwambia nimefanya kazi yake. Hatukuongea tena mpaka asubuhi.

Gundi ile inachukua siku kadhaa kukauka. Ilipokauka, Barafu alituita gerejini wote, Rubani naye akiwemo, maana alikuwa amekuja kuona rangi imefikia wapi. Mezani palikuwa na vipande viwili vya bati vilivyopakwa gundi. Barafu alitia ukucha kwenye kipande cha kwanza, na gundi ikabanduka nzima nzima, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa, chini yake bati linateleza. Akatia ukucha kwenye cha pili. Ukucha ukavunjika, gundi haikusogea.

"Cha kwanza nilikitia kidole," alisema.

Mume wangu alishusha pumzi. Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga, na kwa mama mkwe hiyo ni heshima kubwa.

"Sasa tabu iko wapi?" alisema Rubani. "Umeshajua sababu, vizuri. Kwa nje bado unaweza kupaka, rangi juu, mkaguzi..."

"Rubani, toka."

"Mimi? Barafu, tumetoka mbali mimi na wewe."

"Ndiyo. Toka, na ribiti yako ya meno utoke nayo."

"Ulikubali mwenyewe! Ulisema labda!"

"Nilisema labda," alisema Barafu, na uso wake ulikunjamana kama mtu aliyepata harufu baada ya miaka yote ile. "Nilikuwa nampakia mwanangu kwenye kitu kinachovuja, nakifunika kwa rangi. Hata nyama ya funza haijawahi kunichefua hivi."

Rubani aliondoka ananung'unika. Barafu akachukua simu, akampigia mkaguzi, akamwambia asije, tangi linavuja. Alilisema wazi, kwa sauti, mbele yetu.

Kuliziba upya maana yake kulifungua, na kulifungua ni uchafu kuliko uchafu wote niliosimulia. Walikata matundu ya duara kwenye ukuta wa nyuma wa tangi, kati ya ubavu na ubavu wa bati. Kila tundu lilikuwa la kupitisha mkono mmoja. Mkono wa Barafu haukupita, ule ni mpana kama kiatu. Wa mume wangu ulikwama kwenye kifundo. Vidole vya mama mkwe vimevimba viungo, havikunji. Kisha nikaona wote wananitazama.

"Ee Mungu," nilisema, "mimi na mdomo wangu."

Nilikamua maziwa kwanza, nikamwachia mama mkwe amnyweshe mtoto kwa kikombe mbali na gereji, kwa sababu dawa ile ya kusafishia si ya kuvutwa karibu na mtoto. Wakanivalisha glavu na kitambaa usoni, wakafungua mlango mkubwa wa gereji hewa ipite. Nikaingiza mkono. Ndani palikuwa na joto na utelezi. Gundi ya Barafu, ile nzuri iliyonyooka kama uzi, ilikuwa inabanduka vipande vipande chini ya vidole vyangu, kila kipande kimelainika kwa petroli kama ini. Nilivuta, nikatupa kwenye ndoo, nikavuta. Glavu zilichanika kwenye kingo za bati, uji mweusi ukaniingia mpaka kwenye kucha. Nilitoka nje kutapika, nikarudi. Nikatoka tena.

Barafu alinishikia taa. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuvika soksi, akaufunga kamba.

"Soksi ya nini sasa, Baba?" nilimuuliza.

"Siuamini," alisema.

Nikacheka ndani ya kitambaa changu, nikavuta ile hewa yote ya yai viza, nikakohoa mpaka machozi. Yeye akaniambia pa kufuta, mimi nikafuta. Akaniambia pa kupaka, nikapaka kwa kidole, mshono kwa mshono, kichwa cha ribiti baada ya kichwa. Hakunisifu hata mara moja. Aliuliza tu, "Panashika?" Nami nasema, "Panashika, Baba."

Tulifanya hivyo siku baada ya siku. Jioni ya kwanza nilijisugua kwa sukari, mafuta, sabuni, ndimu, nikambeba binti yangu nimnyonyeshe. Akanusa mkono wangu, akanigeuzia uso. Sikumlaumu. Hata mimi ningejigeuzia uso kama ningeweza. Nikalala kitandani bila kumshika, mama mkwe akamnywesha kile kikombe, na hasira yangu kwa ndege ile ilikuwa kubwa kuliko ndege yenyewe.

Tulipofunga matundu na gundi ikakauka, wakavisha puto. Mume wangu alipuliza pampu, puto likasimama. Tukala, likiwa limesimama. Tukalala, tukaamka, limesimama bado, jekundu, la kijinga, kama la sherehe ya mtoto. Barafu alitia petroli akangoja, na chini ya bawa hapakutokea doa. Mkaguzi akaja, akaambiwa habari yote, akachungulia kwa tochi muda mrefu, akaomba kuona vile vipande viwili vya bati, akatia sahihi.

Siku ya kuruka tulienda uwanja mdogo wa ndege, nyasi tupu na kibanda. Mume wangu aliingia, akafunga mkanda, akanipungia. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikazunguka juu yetu na sauti kama ya mashine ya kusaga. Mama mkwe alikuwa anaomba kwa sauti. Mimi nilimshika mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika. Barafu hakutazama juu hata kidogo. Alitazama nyasi mbele ya viatu vyake.

Ilipotua na kusimama, na panga la mbele likatulia, yeye alikuwa ameshafika. Alilala chali kwenye nyasi zenye vumbi, na suruali yake ya heshima, akajivuta mpaka chini ya bawa la kulia. Akapitisha kiganja, ribiti kwa ribiti, kuanzia shina mpaka mwisho wa tangi, kisha akarudi kuanzia mwisho mpaka shina. Akatoka, akakitazama kiganja. Akaniletea.

Kilikuwa na vumbi tu.

"Kavu," alisema.

"Kavu, Baba."

Mume wangu akaruka chini anacheka, nywele zimesimama, shati limemganda kwa jasho. "Mmeniona nilivyopinda pale juu ya miti? Umeniona, mama?" alinigeukia.

"Nimekuona," nilisema. Lakini sikuwa nimemwona. Muda wote alipokuwa juu, macho yangu yalikuwa kwenye lile bawa la kulia, nikitafuta buluu.